Siku moja kazini Moshi: kuchora ramani ya mifumo ya taasisi

Saa 12:40 asubuhi. Nipo Rau, nasubiri daladala ya mjini. Mlima umejifunika, na mimi ningejifunika vilevile kama si kikao cha saa nne.

Saa 1:30. Ofisini. Mimi ni afisa TEHAMA kwenye taasisi ya umma inayotoa vibali. Nimepewa kazi ya kupanga usanifu wa mifumo ya taasisi nzima, yaani kuonyesha shughuli, taarifa, programu na mitambo vinavyoshikana. Njia ninayoifuata ni ya Mmarekani Steven Spewak, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, anayeichora kama keki ya tabaka nne. Juu kuna maandalizi: baraka za bosi, timu na muda. Inafuata hali ilivyo sasa, yaani shughuli na mifumo iliyopo. Kisha tunakotaka kufika: taarifa kwanza, halafu programu, halafu mitambo, yaani seva na kompyuta za kuziendesha. Chini kabisa ni mpango wa kuhama kutoka mifumo ya sasa kwenda mipya. Serikali kuu ya Marekani ilipotoa mwongozo wake wa usanifu mwaka 1999, ilichota humo.

Saa 2:15. Masijala. Kazi za taasisi najifunzia hapa, si kwenye chati ya muundo iliyobandikwa ukutani. Muundo hubadilika akija mkurugenzi mpya, lakini ombi la kibali litapokelewa, litakaguliwa na kutozwa ada vilevile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja tena na maswali yako?"

Nimekuja. Mama ananifuatisha safari ya faili moja, meza kwa meza: nani anaandika nini, nani anamngoja nani. Kwenye daftari naandika vitenzi tu: pokea, kagua, toza, idhinisha. Vijana wa kitengo changu nawaambia kila mara, ukianza na majina ya idara umeshapotea.

Saa 4:00. Kikao. Tunajaza jedwali: shughuli upande mmoja, aina za taarifa upande wa pili, na kwenye kila kisanduku tunaandika kama shughuli hiyo inaunda taarifa, inaisoma, inaibadili au inaifuta. Safu ya "mteja" ikatoa maajabu. Wanaomuunda ni watatu: mapokezi, uhasibu na ukaguzi. Kila mmoja ana orodha yake, na ya ukaguzi ipo kwenye Excel ya kompyuta moja tu.

"Sasa mteja ni wa nani?" nikauliza.

"Wa kwangu," akasema mhasibu. "Si ndiye anayelipa?"

"Kaka, wapo ambao hawajalipa hata senti na mimi nawatembelea," mkaguzi akamjibu.

Tulibishana hadi chai ikapoa, na kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuchora ni uandishi tu wa kile kilichokubaliwa. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwananchi akidai jina lake lirekebishwe, tukalirekebishe kwenye orodha tatu? Mwisho tukakubaliana: mapokezi wanaunda, wengine wanasoma. Uhasibu wataendelea kupata kontroli namba kupitia GePG, mfumo wa kukusanya malipo ya Serikali, kama kawaida. Mfumo huo wa pamoja wa Serikali upo tangu 2017, na anayetaka kujijengea wa kwake anatafuta hoja ya wakaguzi wa hesabu.

Saa 7:00 mchana. Mtori. Mtu wa manunuzi ananifuata hadi mezani: tuagize seva ngapi? Bado, mkuu. Anaona namchelewesha, na simlaumu. Mwaka wa fedha unaisha Juni, hausubiri mchoro wa mtu. Lakini nitataja vipi idadi ya seva wakati programu zitakazokaa humo hazijajulikana?

Saa 8:00. Orodha ya mifumo iliyopo: mmiliki, taarifa inazotunza, inabadilishana taarifa na mfumo gani. Inachosha, lakini lazima ifanyike.

Saa 9:00 alasiri. Mpango wa kuhama. Kanuni ninayoitegemea ni kwamba mfumo unaounda taarifa hutangulia ule unaoitumia. Kwa hiyo inaanza rejista ya wateja ya mapokezi, inafuata ya vibali, halafu ya ukaguzi. Dashibodi ya takwimu, ambayo mkurugenzi aliitaka iwe ya kwanza, nimeiweka mwisho, kwa sababu haiundi taarifa yoyote. Inasubiri za wenzake. Nimeandika sababu hiyo kwa sentensi mbili, nimechapa, na nakala nimemwachia katibu muhtasi wake. Kamati ya TEHAMA inakaa Alhamisi.