Nani aliifungia prosesa yangu kidhibiti mwendo?

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, nimeinunua mjini kwa ajili ya kuhariri video za harusi na ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu). Ndani ina Intel i5-8250U, yenye viini vinne. Kasi yake ya msingi ni 1.6 GHz, ila kazi ikizidi inatakiwa kujipandisha yenyewe hadi 3.4. Hiyo 3.4 ndiyo niliyoitolea pesa.

Video ya kwanza ya dakika tano ilichukua dakika 14 kutoka. Ningeweza kuvumilia, lakini feni ilikuwa kimya muda wote. Mashine inayochemsha video halafu haipumui? Nikampelekea fundi mmoja wa Luthuli Avenue, Nairobi.

"Mkubwa, hiyo inataka RAM tu," akasema kabla hata hajaiwasha.

Nikamwambia nitarudi.

Nyumbani nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyofanya kazi, kwenye ukurasa wa prosesa, nikaona kasi ya GHz 0.9. Nusura nilie. Kumbe nilikuwa naipima ikiwa haina kazi, na prosesa isiyo na kazi hushusha kasi makusudi ili isile umeme bure. Lazima uitwike mzigo kwanza. Nikaichomeka chaja, nikaiambia 7-Zip, programu ya kubana mafaili, ibane folda nzima ya video, kisha nikakodoa macho. Grafu ikagonga juu, ila kasi ikaganda: 1.58, 1.57, 1.58. Kama matatu ya zama za Michuki, yule waziri wa Kenya aliyelazimisha vidhibiti mwendo, unakanyaga mafuta na mshale haupiti themanini.

Nikawaza vumbi, nikawaza joto. Lakini kabla ya kushika bisibisi, niliwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, bila kugusa Windows iliyomo. Huko kuna faili dogo liitwalo no_turbo, ndani ya /sys/devices/system/cpu/intel_pstate. Likiandika 1, Turbo Boost, yaani huko kujipandisha kasi, imezimwa. Likiandika 0, imeruhusiwa. Langu liliandika 0. Nikaipa kazi, nikasoma kasi kwenye /proc/cpuinfo: viini vyote vimevuka 3 GHz, na feni ikaamka. Basi chuma ni kizima, na mchawi yuko ndani ya Windows.

Nilimkuta kwenye mipangilio ya umeme, ile ya ndani kabisa ambayo hakuna anayeifungua. Kiwango cha juu cha prosesa kilikuwa asilimia 99. Ukiiona hiyo 99 unadhani umepungukiwa na kitu kidogo tu, lakini ile moja inayokosekana ndiyo inayozima Turbo Boost yote. Huenda aliyekuwa nayo kabla yangu alitaka isimchome mapajani. Nikaweka 100, upande wa chaja na upande wa betri, maana kila upande una namba yake.

Nikarudia 7-Zip: 3.38. Baada ya kama nusu dakika ikashuka hadi 2.4, moyo ukapiga. Lakini hilo si kosa. Prosesa hii imepangiwa wati 15 za kudumu. Hukimbia kwa muda mfupi kupita hapo, kisha hurudi kwenye mwendo inaoweza kuuhimili, na bado 2.4 si 1.6.

Video ileile sasa inatoka kwa dakika tisa. Juzi usiku mke wangu aliuliza kutoka chumbani ni nani anasaga juisi saa hizi.