Tumehama tena jamani
Jana tumehama tena, mara ya nne ndani ya miaka 6, na kuna boksi limeandikwa "jikoni" halijafunguliwa tangu nyumba ya pili, sijui hata lina nini. Watu wananiuliza mnakimbia nini, mi nawaambia kodi imepanda alafu mtoto wa pili kaja, chumba kimoja hakitutoshi, basi. Kazi? Wala, kazi ni ileile. Kuna bwana mmoja wa takwimu, Ravenstein, aliliandika hili tangu 1885, kwamba wahamaji wengi wanaenda karibu tu, na mimi hapa toka nyumba ya zamani ni dakika 10 kwa mguu. Kitanda ndo kimegoma kupita mlangoni, tumelala chini.