Logo iongeze, picha ipunguze

Mwezi huu kazini ni kalenda tu, asubuhi kalenda jioni kalenda, mimi ndo nafanya dizaini kwenye kampuni moja ya uchapaji hapa Dar na kila mteja wimbo wake ni mmoja, logo iongeze picha ipunguze. Sasa nikirudi home badala ya kulala naingia mtandaoni kusoma habari za wachoraji wa kalenda za India, zile zenye miungu ya Kihindu unazozikuta kwenye maduka ya Wahindi kule Kisutu, na aliyenikamata haswa ni mzee mmoja wa Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, C. Kondiah Raju.

Kazaliwa 1898, akasomea uchoraji Madras, jiji ambalo sasa linaitwa Chennai, yaani angetulia mjini akachora mabwana wakubwa maisha yangeenda. Yeye akaenda kukaa kwenye ashramu, yaani makao ya kiroho, ya mtawa Ramana Maharshi huko Tiruvannamalai, baadaye akaangukia kwenye kikundi cha maigizo, kazi yake kuchora mapazia ya jukwaani. Miaka ya 1940 kikundi kikavunjikia Kovilpatti, kamji tu, naye akabaki hapohapo na vijana aliokuwa anawafundisha, wakafungua studio ya picha. Bahati nzuri Sivakasi haiko mbali, mji wa viberiti na fataki na mitambo ya kuchapa, na wenye mitambo walikuwa wanazitaka sana picha za miungu.

Mcheki Lakshmi aliyemchora, mungu wa kike wa utajiri. Yuko juu ya ua la yungiyungi, mikono minne, sarafu za dhahabu zinamwagika kiganjani, tembo wako kwa nyuma wanammwagia maji, na macho yake yamekukazia wewe, sio pembeni. Hayo macho ndo kazi yenyewe, maana Mhindu anaposimama mbele ya picha anaenda kumwona mungu na mungu amwone yeye, wanaita darshan, kwa hiyo hata uchore nguo vizuri vipi, macho yakienda kando umeharibu. Halafu zile nguzo na mapazia ya nyuma, mimi nikiyaona naona jukwaa kabisa, mzee ile kazi ya maigizo haikumtoka.

Kabla yake alikuwepo mchoraji Raja Ravi Varma aliyeanzisha kiwanda cha uchapaji Bombay mwaka 1894, enzi za kuchapa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake. Huko kwao Travancore, ufalme wa kusini mwa India, watu wa tabaka la chini walikuwa hawaruhusiwi kuingia kwenye mahekalu ya serikali mpaka tangazo la 1936, sasa fikiria mtu wa hivyo anapata Lakshmi wa karatasi anamtundika ukutani kwake, nani atamzuia mlangoni?

Na cha kuchekesha, biashara yenyewe ni kama yetu tu. Picha inachapwa, chini yake wanaacha nafasi wazi, duka linaagiza linagonga jina lake pale, duka la vitambaa, la mafuta, yoyote. Ila mwaka ukiisha hapo ndo tunaachana. Za kwangu zinaenda kufunika madaftari ya watoto wa shule. Zao watu wanakata tarehe wanatupa, picha inatiwa fremu na kioo, inavishwa shada la maua, inachomewa udi, niliiona moja Kisutu kioo pale kwenye paji la uso kimejaa poda nyekundu, inapakwa kila siku inaganda juu ya ya jana mpaka uso nusu hauonekani. Ikichakaa hawaitupi jalalani, wengi wanaipeleka mtoni.

Tena wachoraji wenyewe sio wote Wahindu. Kule Meerut alikuwepo H. R. Raja, Mwislamu, amechora Shiva na wenzake miaka na miaka na waumini wakanunua bila neno. Nilimwambia jamaa yangu mmoja ofisini akaguna, akasema yeye asingeweza. Mimi sijui, labda ningeweza, labda ningeanza na tembo.

Kondiah Raju amefariki 1976, wanafunzi wake wakaendelea na kazi ileile. Nilichompendea zaidi ni kwamba kwenye picha nyingi utakuta saini mbili, ya kwake na ya mwanafunzi aliyeichora naye, T. S. Subbiah kwa mfano, na ni fundi mkubwa hakuwa na shida ya kugawana jina na kijana wake. Huku kwetu dizaina hana hata pa kusaini, na nikilitia jina langu hata kwa herufi ndogo kabisa pale pembeni, mteja wa kwanza atauliza hili ni tawi letu la wapi.