Teleka wameingia kwenye sanduku! (kumbukumbu ya mradi, mwisho wa Juni)

Wadau, wameingia, hawa teleka, ndege wa mbio wanaofanana na mbayuwayu, kwenye sanduku la kiota nililowawekea chini ya upenu wa nyumba. Jana kwenye saa 3 usiku, na Juni huku Shropshire, Uingereza, saa hiyo jua bado lipo, nimekaa bustanini na chai yangu, kanisani wanafanya mazoezi ya kengele, teleka wawili wakaja spidi kali, mmoja akazama kwenye tundu, wa pili akamfuata. Nikasubiri mpaka giza likaingia, hawakutoka. Nimefurahi sijui niseme nini, mama watoto ndo shahidi.

Sanduku lenyewe halikunisumbua, playwudi ya nje, tundu upana mm 65 kwa kimo mm 28, chini karibu na sakafu, ukuta wa kaskazini ili vifaranga wasiungue na jua. Ila nisemee hilo tundu kidogo, maana naona watu wanahangaika na msumeno wa umeme peke yake na kingo zinatoka zimechanika. Toboa matundu mawili ya mm 28 kwa drili na biti ya Forstner (ile pana inayotoboa tundu lenye kingo safi), kisha kata katikati kuyaunganisha, msasa kidogo, imeisha. Biti nzuri ni ghali lakini unakaa nayo maisha, zile za seti za bei poa zinachoma mbao tu mpaka moshi unatoka.

Kilichonitesa ni sauti. Teleka wanarudi kuzaliana sehemu ileile mwaka hadi mwaka, kwa hiyo sanduku jipya hawana habari nalo mpaka uwaite, unapiga rekodi ya milio yao asubuhi na jioni kuanzia Mei. Sasa mimi naita, wanakuja kundi zima wanapiga kelele, wanapita sentimita chache kutoka ukutani, halafu haooo wanaondoka. Kila jioni hivyohivyo, mpaka inauma. Spika ya bluetooth dirishani inawafanya wazunguke dirisha, sanduku lililo juu yake hata hawaligusi, na ile milio myembamba ya juu kabisa spika hiyo inaimeza, inatoa besi ambayo teleka hana kazi nayo.

Dawa ilikuwa twita ya piezo, spika ndogo ya sauti nyembamba, kidude cha bei ndogo kabisa, nikaifunga ndani ya sanduku nyuma ya kipande cha mbao chenye vitundu, waya ukapita chini ya upenu hadi kwenye amplifaya ndogo gereji. Sauti ikawa inatoka tunduni kwenyewe. Tofauti ilionekana jioni ileile, wakaacha kupita wakaanza kugonga mlango kwa mabawa, kushika ukingo, kuchungulia, kuachia. Yaani mahali sauti inapotokea ni muhimu kuliko ukubwa wa sauti, na hili naona watu wengi hawalisemi.

Halafu shomoro. Sanduku la kwanza walishalichukua mwaka jana kabla teleka hawajafika, na shomoro akishajenga humtoi, sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya 1981 inalinda kiota chochote kinachotumika, na mimi naiheshimu. Hili la pili nililiziba kwa sponji mpaka nilipowaona teleka wa kwanza angani mwanzoni mwa Mei.

Hawa wanaoingia Juni mara nyingi ni vijana wanaotafuta nyumba, huenda wasitage mwaka huu. Hainisumbui. Mwanzoni mwa Agosti wataondoka kwenda Kongo, wengine wanafika hadi Msumbiji, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha mwaka 2016 kwamba kuna teleka wanaokaa angani miezi 10 bila kutua. Kiumbe wa namna hiyo akichagua upenu wako kuwa ndo pahala pa kukunja mabawa, jamani, nani asiyeshukuru? Kazini nilikuwa naondoka alfajiri narudi usiku, nisingewaona hata siku moja. Pensheni imenipa jioni hizi.

Kamera niliyopanga kuweka ndani nimeiacha, iko kwenye boksi lake, sipandishi ngazi pale ndege wakiwepo. Na kusema kweli akili imeshahamia kwa mbayuwayu wenye kiuno cheupe, wale wanaojenga vikombe vya tope chini ya paa. Majira ya kuchipua yakiwa makavu hawapati tope, na mwaka 2021 wao na teleka waliingizwa pamoja kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza, yaani wale walio hatarini zaidi. Kwa hiyo nafinyanga vikombe: nusu ya mpira wa plastiki kama kalibu, simenti na unga wa mbao, mdomo usizidi kimo cha mm 25 ili shomoro asipite. Mchanganyiko wa kwanza ulipasuka ulipokauka, nadhani unga wa mbao ulifyonza maji yote, sasa naulowesha usiku kucha kwanza. Aliyewahi kufinyanga hivi aniambie uwiano wake, maana jirani yangu bibi wa nyumba ya kona tayari ameomba vitatu kwenye ukuta wake.