Kamera ya nyuma kwenye trela la kulala: kazi ya uwani, Malindi

Trela limeshapakwa rangi, magodoro yameingia, pazia zimetundikwa. Sasa narudi kwenye lile jambo ambalo mama watoto amekuwa akilisema tangu tulipolivuta kwenda Gede: ukishika usukani, nyuma huoni kitu. Vioo vya pikapu vinakuonyesha mbavu za trela, basi. Bodaboda akikaa katikati ya mgongo wako, kwako wewe hayupo.

Niseme mapema ninachokitaka, kwa sababu ndicho kilichoamua mengine yote. Kwa kurudi nyuma ninaye mpwa wangu. Anasimama pembeni, anapiga bati kofi: "Njoo, Mjomba, njoo, kata kulia kidogo, hapo hapo!" Kamera ninaitaka ya mwendo. Iwake muda wote tukiwa barabarani, hasa kile kipande cha barabara ya Mombasa kinachopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako matatu hukujia mgongoni na kuanza kuchungulia kulia, kushoto, kulia. Nataka nimwone kabla hajaamua kupita.

Umeme utoke wapi

Fundi wa umeme wa magari aliposikia neno kamera alikuwa ameshashika waya wa taa ya rivasi kabla sijamaliza kusema. Ndiyo desturi: ukiingiza rivasi taa inawaka, na kamera inawaka nayo. Ukienda mbele, skrini giza. Tena plagi ya trela langu ni ile ya mviringo ya pini 7, na rivasi haimo kabisa. Indiketa ni pini 1 na 4, arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni pini 3, taa za nyuma ni pini 5 na 7, breki ni pini 6. Pini 2 ni ya taa ya ukungu, ambayo huku Malindi sijui nimmulikie nani. Plagi ya pini 13 ndiyo yenye rivasi, pini 8, na umeme wa kudumu kwenye pini 9, lakini ningelazimika kubadilisha soketi ya pikapu na kupitisha nyaya mpya chini ya gari zima.

Nimechukua umeme kwenye pini 7, taa ya nyuma ya kushoto. Nikiwasha taa ndogo kamera inaamka, nikizizima inalala na haili betri. Maana yake mchana kweupe natembea na taa zimewashwa, na hilo nalo si baya, nao wa nyuma wanione. Kamera inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 inatosha. Nimeiweka pale waya wa kamera unapoachana na waya wa taa, si karibu na kamera. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka mwisho wa safari, waya wote uliotangulia hauna mlinzi.

Mwenye gari jipya apime kwanza. Baadhi ya magari ya kisasa hayapeleki umeme wa taa za nyuma moja kwa moja, yanaukatakata haraka haraka ili kupunguza mwanga. Jicho halioni tofauti kwenye taa, lakini kamera hapo inaweza kuzimika na kuwaka ovyo. Pikapu yangu ni ya zamani, haina ujanja huo.

Kamera yenyewe

Ni ya dijitali, inarusha picha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye skrini iliyo mbele yangu, bila waya. Zile za analogi za bei ya chini hurusha picha kwenye masafa ya gigahezi 2.4 bila kufunga mlango, na mwenye skrini kama yako akiwa jirani anaweza kuona unachokiona. Hii nayo iko kwenye masafa hayohayo, ila inarukaruka kutoka chaneli hadi chaneli na skrini inaitambua kamera yake peke yake. Mpwa wangu alizipigia debe sana za Wi-Fi zinazotumia simu kuwa skrini. Mimi sitaki skrini ambayo mtu ataipigia nikiwa katikati ya daraja la Sabaki.

Kufunga, na vita vya chumvi

Hapa ndipo nilipokaa zaidi. Chuma hakidumu Malindi. Hata bawaba ya dirisha iliyo ndani ya nyumba inachanua kutu. Trela langu lina fremu ya chuma na ngozi ya alumini, na kamera imekaa juu kabisa nyuma, chini ya ukingo wa paa. Bolti za chuma cha pua ni nzuri, lakini zikigusana na alumini penye chumvi na unyevu, alumini ndiyo inayolika. Unakuta bolti bado inang'aa na tundu lake limepanuka. Kwa hiyo kila bolti ina wosha ya nailoni na imepakwa grisi.

Kuzibia tundu la waya, duka la kwanza lilinipa silikoni ile yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi kweli, inatoka wakati silikoni inakauka, na inakula chuma na shaba. Niliirudisha, nikachukua poliyurethani, ile wanayotumia wenye boti za faiba. Waya nimeuinamisha chini kwanza halafu ndipo ukapanda kuingia tunduni, ili maji ya mvua yadondoke kwenye kona badala ya kufuata waya hadi ndani. Maungio yamelehemiwa kwa risasi na kuvikwa mpira unaonywea kwa moto, wenye gundi ndani. Mkanda mweusi wa umeme usiuamini kwa joto la hapa, unalainika na kuachia.

Boksi la kamera linasema IP67: vumbi haliingii kabisa, na inastahimili kuzamishwa maji ya mita 1 kwa dakika 30. Hiyo ni kamera. Kiunganishi cha waya wake hakijaandikwa chochote, kwa hiyo kimeingia ndani ya kabati.

Jaribio la kwenda Mambrui

Uwani picha ilikuwa safi. Barabarani, kila tuta skrini inazimika sekunde mbili tatu, inarudi.

"Mjomba, ni antena."

Kila niliyemwuliza alisema antena. Na ni wazo la maana: bati halipitishi mawimbi hayo, lazima yazunguke au yagonge kitu yarudi, na kati ya kamera na mimi kuna trela zima. Lakini nilitazama picha inakatika wapi. Kwenye kona kali, ambapo trela linajipinda na njia ya mawimbi inabadilika kabisa, haikukatika hata kidogo. Ilikatika kwenye matuta tu. Antena haijui tuta.

Tukachukua betri ya pikipiki, tukaifunga kule nyuma ndani ya trela, kamera ikala umeme wa betri hiyo peke yake. Barabara ileile, matuta yaleyale: picha imetulia. Kwa hiyo hewani hakuna tatizo, tatizo ni umeme.

Mita ikamaliza ubishi. Kati ya waya chanya wa kamera na arthi ya trela, volti 10 na kitu, tena inayumba ukilitikisa trela. Kati ya waya uleule chanya na waya mrefu niliouvuta hadi ncha hasi ya betri ya pikapu, volti 12.3. Chanya inafika vizuri; njia ya kurudi ndiyo mbovu. Aliyeunda fremu alikuwa ameifunga arthi juu ya rangi, na chini ya rangi mna kutu. Umeme ulikuwa unarudi kwenye gari kupitia ile tufe ya chuma ya kuvutia trela, chuma kwa chuma kilichojaa grisi, na kwenye tuta vile vyuma vinaachana kidogo. Bila shaka taa nazo zilikuwa zinapepesa siku zote. Nani anayetazama taa zake za nyuma akiendesha?

Tumekwangua hadi chuma cheupe, tumefunga upya kwa pete mpya, rangi imepakwa juu ya bolti baada ya kukaza. Kamera nimeipa pia waya wake wa arthi unaokwenda moja kwa moja pini 3. Volti sasa ni zilezile ukipima huku au kule, na matuta tumeyarudia yote bila picha kukatika. Antena ya skrini niliihamishia kwenye kioo cha nyuma cha pikapu hata hivyo, imesimama wima kama ya kamera, kwa kuwa waya wake wa nyongeza ulikuja bure kwenye boksi.

Mistari ya rangi

Mistari ya kijani, manjano na nyekundu kwenye skrini ilipangwa kwa kimo fulani cha kamera, na si kimo changu. Tuliweka ndoo mita 1, 2 na 3 nyuma ya trela: ndoo ya mita 2 ilikaa kwenye nyekundu. Lenzi pana hufanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo, kwa hiyo mistari nimeizima na kubandika vipande vya tepu pembeni mwa skrini penye ndoo zetu. Pia hakikisha picha imegeuzwa kama kioo, kulia kwako kuwe kulia kwenye skrini.

Kilichobaki ni kofia ya lenzi. Ukiondoka asubuhi kuelekea Langobaya na lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, unakwenda magharibi na kamera inatazama baharini jua linapochomoza. Picha inakuwa nyeupe tupu kwa muda mrefu. Nimekata kipande cha bomba jeusi la plastiki, nakijaribu Jumapili. Na lenzi naiosha kwa maji baridi ya kunywa kabla ya kuipangusa, maana kitambaa kikavu juu ya chumvi kinaikwaruza.