Mchanga Uliokaangwa Mikindani

Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi zege la nguzo lilitoka kwenye mashine likiwa uji. Nilikuwa mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa tatu wa uhandisi ujenzi, kwenye saiti moja ya Mikindani, na kazi niliyopewa ilikuwa kupima slampu, yaani kiasi zege bichi linavyoshuka likiondolewa koni. Koni ya chuma ina kimo cha milimita 300, mdomo wa juu 100, wa chini 200. Unaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa nondo ya milimita 16, kisha unainyanyua wima bila kuizungusha. Tulitaka zege lishuke milimita 75. Siku hiyo lilitandaa lote juu ya bati.

"Tuongeze simenti, litakaza," fundi mkuu akasema.

Injinia wa saiti akakataa. Simenti ya kukisia hairudishi vipimo vya mchanganyiko, tena inakula fedha.

"Lakini maji ni yale yale, Injinia. Lita 25 kwa mfuko wa simenti."

Alisema kweli. Maji ya ziada yalikuwa ndani ya mchanga.

Chuoni mchanga hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 105, na ndiyo maana mwanafunzi anaweza kufaulu somo la zege bila kuwahi kukutana na mchanga uliolala mvuani. Saiti tuliazima jiko la mkaa na kikaango kwa mama ntilie. ("Mkikiunguza mtanilipa, wanangu.") Mchanga huchotwa sehemu kadhaa za lundo, kwa sababu juu hukauka mapema na chini hubaki na maji. Tukapima gramu 500, tukakaanga huku tukikoroga, moto wa wastani, maana ukiwa mkali chembe hurukaruka nje na hesabu inaharibika. Ukishika kipande cha kioo baridi juu ya kikaango kisipate ukungu, umekauka.

Zilibaki gramu 470. Thelathini kugawa kwa 470 ni asilimia 6.4. Ukitoa asilimia 1 ambayo chembe zenyewe hunywa, inabaki 5.4 iliyo huru kuingia kwenye zege. Kila mfuko wa kilo 50 ulihitaji kilo 95 za mchanga mkavu, kwa hiyo lita 5 hivi ziliingia bila kualikwa. Uwiano wa maji kwa simenti ulipanda kutoka 0.5 hadi 0.6, na hapo nguvu ya zege hushuka sana.

Tukapunguza maji ya ndoo hadi lita 20, tukaongeza mchanga kufidia uzito wa maji yake. Slampu ikasoma 70. Lile la kwanza lilimwagwa sakafu ya stoo, nguzo hazikuonjeshwa.

Kyubu, yaani vipande vya zege vyenye pande za milimita 150, za mchanganyiko wa pili tulizivunja kwa mashine ya kukandamiza zilipotimiza siku 28 majini. Zege la daraja la 25, yaani la nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba, hudai kyubu ihimili kilonewtoni 563. Kyubu dhaifu kuliko zote ilifika 640, ikapasuka pande zote nne sawasawa, jinsi inavyotakiwa.