Glaida karibu na uwanja mkubwa: transponda iwe ya mwisho kuzimwa

Ndege ya abiria inayoshuka kwenda kutua ina mfumo wa kuepusha migongano, TCAS, na watu wengi hudhani mfumo huo unaona kila kilichopo angani. Hauoni. TCAS huuliza kwa redio kwenye megahezi 1030, kisha husubiri jibu kwenye 1090. Kinachojibu ni transponda, kifaa cha redio kinachobebwa ndani ya ndege. Glaida, yaani ndege isiyo na injini, ikiwa haina transponda au imeizima, kwa TCAS haipo kabisa, hata kama iko mbele ya pua ya ndege. Rada ya kawaida nayo hupata mwangwi hafifu tu kutoka kwenye glaida ya faiba, na mwangwi huo hauonyeshi kimo.

Basi yanabaki macho, na hesabu yake inatisha. Marekani, chini ya futi 10,000, ndege hairuhusiwi kuzidi takriban kilomita 460 kwa saa. Ikikutana uso kwa uso na glaida inayokwenda kilomita 110 kwa saa, zinakaribiana karibu mita 160 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, hukadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12.5 tangu kitu kionekane mpaka ndege yake ianze kukwepa. Sekunde hizo zinameza kilomita 2. Kwa umbali huo, bodi ya glaida yenye upana wa sentimita 60 iko kwenye ukingo wa kile jicho zima linaweza kukitambua, na mabawa yake ni uzi mweupe mbele ya wingu jeupe. Tena kitu kilicho kwenye njia ya kukugonga hakisogei kwenye kioo. Kinakaa palepale, kinakua, ilhali jicho huvutwa na kinachosogea.

Tarehe 28 Agosti 2006 ndege ya biashara aina ya Hawker 800XP, ikielekea Reno, Nevada, iligongana na glaida aina ya ASW 27-18 (ASG 29) kwenye futi 16,000 hivi. Rubani wa glaida aliruka kwa parashuti. Hawker ilitua kwa tumbo Carson City. Hakuna aliyekufa. Glaida ile ilikuwa na transponda, lakini ilikuwa imezimwa ili betri ibaki kwa ajili ya redio. Sheria ilimruhusu rubani wake, kwa kuwa Marekani glaida zimesamehewa transponda katika maeneo mengi ambako ndege nyingine zinalazimika kuwa nayo. Mwaka 2008 bodi ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilipendekeza msamaha huo uondolewe. Naiunga mkono, hasa kwa glaida zinazoruka jirani na viwanja vyenye msongamano.

Tatizo la betri ni la kweli, lakini linatatulika. Chukua betri ya volti 12 yenye ampea-saa 9. Redio, kipimo cha kupanda na kompyuta ya safari vikila ampea 1 kwa jumla, na transponda nusu ampea, kwenye karatasi unapata saa 6. Angani hupati hizo, kwa sababu baridi ya juu na umri wa betri hupunguza. Isitoshe, transponda hula umeme zaidi kadiri inavyoulizwa, na karibu na uwanja wenye pilikapilika inaulizwa mfululizo. Kwa hiyo pima betri kabla ya msimu. Ichaji ijae, ifunge balbu ya wati 12, kisha hesabu saa mpaka ifike volti 11. Ikishindwa kufika saa 6, ibadilishe. Funga betri ya pili yenye swichi yake. Umeme ukipungua angani, zima kwanza chaja ya simu, halafu kompyuta ya safari. Transponda na redio vife mwisho.

Swichi nayo ina mtego. Ikiwa kwenye ON badala ya ALT, yaani hali ya kutuma pia kimo, transponda nyingi hutuma namba ya utambulisho bila kimo. Hapo TCAS inaweza kumtahadharisha rubani tu. Haiwezi kumwamuru apande au ashuke. Weka ALT kabla ya kuvutwa juu, na namba iwe 1202 Marekani, au 7000 sehemu kubwa ya Ulaya. Kwenye glaida ya kaboni antena ikae nje, chini ya bodi, kwa sababu kaboni huziba mawimbi.

FLARM, kifaa cha kutahadharisha migongano kilichotokea Uswisi, ni nzuri sana kati ya glaida na glaida. Usiitegemee kwa ndege za abiria: inatumia masafa mengine, na TCAS haiisikii.

Halafu kuna suala la mahali. Ndege inayotua kwa nyuzi 3, ikiwa kilomita 20 kutoka kwenye njia ya kutua, iko mita 1,050 hivi juu ya uwanja. Ikiwa kilomita 40, mita 2,100. Hivyo ndivyo vimo ambavyo glaida huzunguka kutafuta hewa inayopanda. Usizunguke kwenye mstari wa njia ya kutua. Ukilazimika kuuvuka, uvuke kwa pembe mraba, bila kusimama kupanda hata kama hewa ni tamu. Kabla ya hapo waite waongozaji ndege, uwaambie wewe ni glaida, ulipo, kimo chako na unakoelekea. Taja pia kwamba huwezi kushikilia kimo, maana anayekuongoza anaweza kukupa futi ambazo glaida haiwezi kuzitunza.